SURA YA SABA: KUONGOZA NJIA KWA KOMPYUTA YA BAISKELI YENYE GPS (Mfano wa Karatu na Oldeani)

Mada ya usomaji wa ramani humtaka mtahiniwa apime umbali, ataje uelekeo, asome mahali kwa namba na aeleze sura ya nchi. Kompyuta ya baiskeli hufanya kazi hizo hizo nne, huku mwendeshaji akikanyaga pedali. Ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye usukani, chenye skrini, betri na kipokezi cha mawimbi ya setilaiti. Katika Wilaya ya Karatu, ambako wageni hukodi baiskeli kutembelea mashamba na vijiji, kijana anayejua kukitumia anaweza kupata kazi ya kuongoza msafara. Anayekitumia bila kukielewa anaweza kuupeleka msafara huo msituni.

Sura hii inaunganisha hesabu unazozijua darasani na matumizi ya kifaa hicho. Hata kama hujawahi kukishika, soma ukiwa na kalamu na karatasi, kwa kuwa kila mfano unaweza kuufanya kwa mkono.

MALENGO YA SURA

Baada ya kusoma sura hii uweze:
(a) kueleza jinsi GPS inavyopata mahali ulipo;
(b) kutaja kwa mpangilio hatua za kuandaa kifaa kabla ya safari;
(c) kukokotoa umbali, uelekeo na mpando kati ya sehemu mbili;
(d) kueleza kwa nini namba za kifaa na za ramani ya karatasi zinaweza kutofautiana;
(e) kutoa uamuzi sahihi kifaa kinapokosea au kinaposhauri njia isiyofaa.

ISTILAHI ZA MSINGI

Kipokezi: sehemu ya kifaa inayopokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti. Haitumi chochote kwenda angani.
Majiranukta: jozi ya namba zinazotaja mahali, kwa kawaida latitudo na longitudo.
Kituo cha njia: nukta moja iliyohifadhiwa kwenye kifaa, kwa mfano kisima, zahanati au njia panda.
Njia iliyopangwa: mstari ulioandaliwa kabla ya safari ili kifaa kiufuate.
Nyayo: mstari unaochorwa na kifaa kuonyesha ulikopita kweli. Usichanganye nyayo na njia iliyopangwa. Njia iliyopangwa ni nia, nyayo ni kumbukumbu.
Faili la GPX: muundo wa faili unaohifadhi vituo, njia na nyayo, na unaosomwa na vifaa vya kampuni nyingi.
Uelekeo: pembe inayopimwa kutoka kaskazini kwa kufuata mzunguko wa mishale ya saa, kuanzia 0° hadi 360°.
Datumu: umbo la dunia na kianzio kilichochaguliwa na wapimaji ili kutoa majiranukta.

7.1 GPS HUFANYAJE KAZI?

GPS ni mfumo wa Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Unahitaji angalau setilaiti 24, zinazozunguka dunia katika mapito sita kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila setilaiti humaliza mzunguko kwa takriban saa 12. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia. Zuio hilo lilipoondolewa mwezi Mei mwaka huo, vifaa vya kawaida vikaanza kuonyesha mahali kwa kosa la mita chache tu penye anga wazi. Leo ipo mifumo mingine ya namna hiyo: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China. Kompyuta nyingi mpya za baiskeli hupokea zaidi ya mfumo mmoja.

Kanuni yake ni ile ya umbali = kasi × muda. Setilaiti hutuma wimbi lenye taarifa mbili: iko wapi na wimbi limeondoka saa ngapi. Kipokezi huangalia wimbi limefika saa ngapi, kisha hukokotoa umbali.

Mfano 1. Setilaiti iko utosini, kilomita 20,200 juu yako. Kasi ya wimbi ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Wimbi litachukua muda gani kukufikia?
Jibu: muda = 20,200 ÷ 300,000 = sekunde 0.067 hivi.

Muda huo ni mfupi mno, kwa hiyo kosa dogo la saa huzaa kosa kubwa la umbali. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Ndiyo maana setilaiti hubeba saa za atomiki. Kifaa chako hakina saa ya namna hiyo, nacho hufidia upungufu huo kwa kutumia setilaiti ya ziada. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kupata latitudo, longitudo na mwinuko kama saa ya kifaa ingekuwa sahihi kabisa. Setilaiti ya nne husahihisha saa ya kifaa. Kwa hiyo jibu la swali "GPS inahitaji setilaiti ngapi ili kupata mahali kikamilifu?" ni nne au zaidi.

Angalizo kwa mtahiniwa: watu wengi husema GPS haifanyi kazi bila bando. Si kweli. Kupokea mawimbi ya setilaiti hakuhitaji laini ya simu wala intaneti. Kinachohitaji intaneti ni kupakua ramani na njia. Ukishazipakua mjini Karatu, kifaa kitakuongoza hata mahali pasipo na mnara wa simu.

7.2 IJUE NCHI KABLA YA KUWASHA KIFAA

Oldeani ni kata ya Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, upande wa magharibi wa mji wa Karatu. Imepata jina moja na Mlima Oldeani, volkano yenye kimo cha zaidi ya mita 3,000 iliyoko kusini ya kreta ya Ngorongoro. Jina hilo linatokana na neno la Kimaasai la mianzi, mmea unaoota kwenye miteremko ya juu ya mlima huo. Udongo wa volkano na hali ya hewa ya ubaridi viliwavutia walowezi wa Kijerumani kufungua mashamba ya kahawa katika miaka ya 1920 na 1930, na kahawa ingali zao la eneo hilo hadi leo, pamoja na mahindi, maharage na ngano katika maeneo ya jirani.

Kwa mwendesha baiskeli, mambo manne ya kijiografia yana uzito.

Kwanza, mwinuko. Nchi hupanda kuelekea mlimani na kushuka sana kusini-magharibi kuelekea bonde la Ziwa Eyasi na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Ukikosea njia ukateremka upande huo, kurudi ni kupanda.

Pili, udongo. Barabara nyingi za ndani ni za udongo mwekundu. Kiangazi hutoa vumbi jingi, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, huteleza na kunata kwenye magurudumu hadi breki zinajaa tope.

Tatu, makorongo. Maji yanayotoka kwenye nyanda za juu yamechimba makorongo mengi, hivyo barabara hupinda kuyazunguka au hushuka na kupanda.

Nne, mpaka wa hifadhi. Mlima Oldeani na msitu wake uko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kuwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Kuingia humo kunahitaji kibali. Zaidi ya hapo, tembo na nyati huishi katika msitu huo, na tembo hutoka hadi karibu na mashamba. Skrini ya kifaa haimwonyeshi tembo.

7.3 HATUA ZA KUANDAA KIFAA

Hatua ya 1: Chaji betri hadi ijae. Skrini yenye mwanga mkali na mahesabu ya njia hula betri haraka. Punguza mwanga ikiwa safari ni ndefu.

Hatua ya 2: Kifunge kwenye usukani. Kikae katikati, skrini ikielekea usoni, kisizuie breki wala kengele. Kifunge pia kwa kamba ndogo ya usalama, maana barabara ya mawe hutikisa.

Hatua ya 3: Kiwashe nje. Simama mahali penye anga wazi, mbali na kuta na miti mirefu, usubiri kipate setilaiti. Mara ya kwanza kinaweza kuchukua dakika kadhaa. Usianze safari kabla hakijaonyesha kuwa kimepata mahali.

Hatua ya 4: Rekebisha mipangilio. Chagua kilomita na mita, si maili na futi. Chagua majira ya Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya saa za Greenwich. Kumbuka kwamba kifaa kikiandika 13:00, sisi tunasema saa saba mchana. Angalia pia namna ya kuandika majiranukta. Jambo hili limeelezwa katika 7.5.

Hatua ya 5: Pakia ramani. Vifaa vingine huja na ramani ya nchi nyingine tu. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, hutumiwa na vifaa vingi. Huchorwa na watu wa kujitolea. Nchini Tanzania mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi na wananchi kuchora mitaa ya Dar es Salaam kuanzia mwaka 2015. Kwa sababu hiyo ubora wa ramani hiyo hutofautiana: penye wachoraji wengi utaona hata vichochoro, pasipo na wachoraji barabara nzima inaweza kukosekana.

Hatua ya 6: Panga njia. Kwenye kompyuta au simu, weka mwanzo, mwisho na vituo vya kati. Usiweke mwanzo na mwisho pekee, kwani programu itachagua yenyewe njia fupi, na njia fupi inaweza kuwa ya ng'ombe. Weka kituo kwenye kila njia panda muhimu. Ukimaliza, kuza ramani ufuate mstari wote kwa jicho, kipande kwa kipande.

Hatua ya 7: Hamishia faili la GPX kwenye kifaa kwa waya au kwa bluetooth. Lipe jina linaloeleweka, kama "Karatu-Oldeani kiangazi", si "njia 1".

Hatua ya 8: Fanya jaribio. Zunguka mtaa wako kwa kilomita mbili ukifuata njia fupi uliyopanga. Makosa ya mipangilio ni rahisi kuyasahihisha ukiwa karibu na nyumbani.

7.4 KUSOMA SKRINI UKIWA NJIANI

Vifaa vya bei nafuu huonyesha mstari tu juu ya skrini tupu, na mshale unaokuwakilisha wewe. Kazi yako ni kuuweka mshale juu ya mstari. Vifaa vya bei kubwa huonyesha ramani kamili na kutoa onyo kabla ya kona. Vyote hukupa umbali uliokwenda, umbali uliobaki, kasi na mwinuko.

Zingatia mambo matatu.

(i) Mshale huelekea unakokwenda. Ukisimama, vifaa vingi haviwezi kujua umeelekea wapi, kwa sababu GPS hutambua uelekeo kwa kulinganisha nukta ya sasa na iliyopita. Kwenye njia panda usigeuze baiskeli papo hapo ukitarajia mshale ugeuke. Sogea hatua kumi au ishirini, kisha tazama.

(ii) Onyo la "umetoka njiani" huja baada ya kutoka, si kabla. Likija, simama pembeni mwa barabara. Tazama nyayo zako, rudi hadi mahali pa mwisho ulipokuwa juu ya mstari, kisha anza upya. Usikubali haraka njia mpya inayopendekezwa. Kifaa kinajua umbali tu. Hakijui kama korongo limejaa maji.

(iii) Macho yawe barabarani. Skrini hutazamwa kwa nukta moja, kwenye sehemu iliyonyooka na isiyo na magari. Ukitaka kuisoma kwa kirefu, simama.

7.5 KUKOKOTOA UMBALI NA UELEKEO

Mfano 2. Majiranukta ya kukadiria ya mji wa Karatu ni 3°20′ Kusini, 35°40′ Mashariki, na ya Oldeani ni 3°21′ Kusini, 35°33′ Mashariki. Tafuta (a) umbali wa mstari mnyoofu, (b) uelekeo wa Oldeani kutoka Karatu.

Jibu:
Tofauti ya longitudo = 40′ − 33′ = 7′, kuelekea magharibi.
Tofauti ya latitudo = 21′ − 20′ = 1′, kuelekea kusini.
Dakika moja ya latitudo ni kilomita 1.85 hivi. Karibu na ikweta dakika ya longitudo ina urefu unaokaribia huo, kwa kuwa kosaini ya 3° ni 0.999 hivi, hivyo tunatumia namba moja kwa zote mbili.
Magharibi: 7 × 1.85 = km 12.95.
Kusini: 1 × 1.85 = km 1.85.
(a) Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali = √(12.95² + 1.85²) = √171.1 = km 13.1 hivi.
(b) Pembe chini ya mstari wa magharibi: tani ya pembe = 1.85 ÷ 12.95 = 0.143, hivyo pembe ni 8° hivi. Magharibi ni 270°. Tunakwenda kusini ya magharibi, hivyo uelekeo = 270° − 8° = 262°.

Uelekeo wa kurudi ni 262° − 180° = 82°.

Kifaa kikikuambia "kilomita 13 hadi mwisho" kabla hujapakia njia, kimekupa mstari wa ndege. Barabara ni ndefu kuliko hapo kwa sababu ya kona na makorongo. Mtahiniwa anayechanganya umbali wa mstari mnyoofu na umbali wa barabara hupoteza alama. Mwendeshaji anayevichanganya hukosa maji ya kunywa kabla ya kufika.

Hatari ya nukta na dakika. Andika 3°20′ kwa desimali. Dakika 20 ni 20 ÷ 60 = 0.333 ya nyuzi, kwa hiyo jibu ni 3.333°, si 3.20°. Ukiandika 3.20° kwenye kifaa, umekosea kwa nyuzi 0.133. Nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, hivyo kosa ni 0.133 × 111 = kilomita 14.8, upande wa kaskazini. Hebu fikiri: unataka kufika mjini Karatu, kifaa kinakupeleka karibu kilomita 15 kaskazini, kwenye miinuko ya Hifadhi ya Ngorongoro. Usisahau pia alama ya kusini. Vifaa vingi huandika latitudo ya kusini kwa alama ya kutoa: −3.333. Ukiacha alama hiyo, mahali pako panahamia kaskazini ya ikweta, nchini Kenya.

7.6 KIFAA NA RAMANI YA KARATASI

Ramani za topografia za Tanzania za skeli 1:50,000 zimechorwa kwa datumu ya Arc 1960. GPS hutumia datumu ya WGS84. Mahali ni pale pale, lakini namba hutofautiana. Katika eneo letu tofauti ni mita 300 hivi.

Mfano 3. Tofauti ya mita 300 ina urefu gani kwenye ramani ya 1:50,000?
Jibu: 300 m = 30,000 sm. 30,000 ÷ 50,000 = sm 0.6, yaani milimita 6.

Milimita 6 zinatosha kukuweka upande wa pili wa korongo. Dawa yake ni kuchagua datumu ya Arc 1960 kwenye mipangilio kama kifaa kinaruhusu, au kutambua tofauti hiyo na kuthibitisha mahali kwa alama za nchi: daraja, shule, makutano ya barabara.

Jambo la pili ni kanda za UTM. Kila kanda ina upana wa 6° za longitudo. Namba ya kanda hupatikana kwa kuongeza 180 kwenye longitudo ya mashariki, kugawanya kwa 6, kuchukua namba nzima, kisha kuongeza 1.

Karatu, 35.67°: (35.67 + 180) ÷ 6 = 35.9; namba nzima 35; kanda ya 36.
Mji wa Arusha, 36.68°: (36.68 + 180) ÷ 6 = 36.1, namba nzima 36, kanda ya 37.

Anayesafiri kutoka Arusha hadi Karatu huvuka mpaka wa kanda kwenye longitudo 36° Mashariki. Namba za gridi za upande mmoja haziendelei upande wa pili. Ndiyo maana rejea kamili ya UTM hutaja kanda kwanza.

7.7 MWINUKO, MPANDO NA JASHO

Vifaa vingi hupima mwinuko kwa kihisi cha kanieneo ya hewa. Kadiri unavyopanda, kanieneo hupungua. Hali ya hewa ikibadilika, kanieneo hubadilika pia, hivyo mwinuko unaoonyeshwa unaweza kupanda au kushuka ukiwa umesimama. Kabla ya safari, weka mwinuko unaojulikana wa mahali unapoanzia.

Mfano 4 (namba za zoezi). Njia ya kilomita 16 inaanza mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, inapanda hadi 1,580, inashuka korongoni hadi 1,520, inapanda hadi 1,690, inashuka hadi 1,640, kisha inapanda hadi mwisho kwenye mita 1,740. Tafuta (a) ongezeko la mwinuko, (b) jumla ya kupanda, (c) wastani wa mpando.

Jibu:
(a) 1,740 − 1,500 = m 240.
(b) 80 + 170 + 100 = m 350. Hakiki: jumla ya kushuka ni 60 + 50 = 110, na 350 − 110 = 240.
(c) 240 : 16,000 = 1 : 67 hivi.

Wastani wa 1 : 67 unasikika mwepesi. Hata hivyo miguu hulipa mita 350, si 240, na mpando wa mwisho wa korongo unaweza kuwa mkali kiasi cha kusukuma baiskeli. Tazama mchoro wa mwinuko kwenye kifaa, si wastani peke yake.

7.8 MIPAKA YA KIFAA

1. Msitu mnene na kuta za korongo huzuia au huakisi mawimbi, hivyo mahali panapoonyeshwa hurukaruka.
2. Betri huisha. Beba karatasi yenye orodha ya njia panda, umbali kati yao na uelekeo.
3. Ramani huchelewa. Barabara mpya haimo, na daraja lililosombwa bado limechorwa.
4. Kifaa hakijui msimu. Njia ya kiangazi si lazima ipitike masika.
5. Kifaa hakijui ruhusa. Mstari kwenye skrini si kibali cha kupita shamba la mtu wala kuingia hifadhini.
6. Kifaa hakijui giza. Karatu iko longitudo 35.67°, lakini saa zetu hufuata meridiani ya 45°. Tofauti ni 9.33°, na kila nyuzi ni dakika 4, hivyo jua hufika juu kabisa takriban dakika 37 baada ya saa sita mchana. Kwa hiyo machweo huja karibu saa 12:40 jioni, na karibu na ikweta giza huingia upesi. Panga kufika mapema, kwa kuwa jioni na usiku ndio wakati wanyama wa msituni hutembea.

Kwa sababu hizo, mwongozaji mzuri husimama na kusalimia, kisha huuliza: "Shikamoo mzee, njia hii inapitika hadi Oldeani?" Jibu la mkulima aliyepita hapo jana lina habari ambayo setilaiti haina.

7.9 SWALI LA MFANO NA JIBU LAKE

Swali: Wanafunzi sita wanaendesha baiskeli kurudi Karatu kutoka Oldeani. Ni saa 10 alasiri. Kilomita 12 za barabara zimebaki. Mvua imenyesha na kasi yao ni kilomita 8 kwa saa. Kifaa kinapendekeza njia ya mkato ya kilomita 7 inayopita ukingoni mwa msitu. Toa uamuzi na uutetee kwa hoja nne.

Jibu la mfano: Wafuate barabara. Kwanza, muda unatosha: 12 ÷ 8 = saa 1 na dakika 30, hivyo watafika saa 11:30 jioni, kabla ya giza. Pili, njia ya mkato inaweza kuingia ndani ya mpaka wa hifadhi, ambamo hawana kibali. Tatu, ukingo wa msitu una hatari ya tembo na nyati, hasa jioni. Nne, kwenye udongo uliolowa kasi ya njia ndogo itapungua. Wakienda kilomita 4 kwa saa, kilomita 7 zitachukua saa 1 na dakika 45, yaani muda mrefu kuliko barabara. Njia fupi si lazima iwe ya haraka.

Angalia jinsi hoja ya kwanza na ya nne zilivyobeba hesabu. Hoja yenye namba hupata alama kirahisi kuliko ile inayosema "ni hatari" na kuishia hapo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kazi ya setilaiti ya nne.
2. Andika 35°33′ kwa desimali.
3. Uelekeo wa kwenda ni 145°. Uelekeo wa kurudi ni upi?
4. Gurudumu la baiskeli lina kipenyo cha sm 70. Litazunguka mara ngapi katika kilomita 11? (Tumia π = 22/7.)
5. Dar es Salaam iko longitudo 39.28° Mashariki. Iko kanda ipi ya UTM?
6. Msafara unaondoka saa 4 asubuhi, barabara ni kilomita 18, kasi ni kilomita 12 kwa saa. Kifaa kitaandika saa ngapi utakapofika?
7. Taja tofauti moja kati ya njia iliyopangwa na nyayo.

MAJIBU

1. Husahihisha kosa la saa ya kipokezi.
2. 33 ÷ 60 = 0.55, jibu 35.55°.
3. 145° + 180° = 325°.
4. Mzingo = 22/7 × 0.7 = m 2.2, 11,000 ÷ 2.2 = mara 5,000.
5. (39.28 + 180) ÷ 6 = 36.5, namba nzima 36, kanda ya 37.
6. 18 ÷ 12 = saa 1 na nusu; watafika saa 5:30 asubuhi; kifaa kitaandika 11:30.
7. Njia iliyopangwa huandaliwa kabla ya safari. Nyayo huchorwa wakati wa safari.

Ukikosa swali la 2 au la 6, rudia 7.5 na Hatua ya 4 kabla ya kuendelea na sura inayofuata.